Kutambua mwisho wa faili katika PHP

Anayejifunza kusoma faili kwa lugha ya programu ya PHP aghalabu huanza na kitanzi (sehemu ya programu inayojirudia) cha `while (!feof($faili))`, kwa kuwa kinasomeka vizuri: maadamu faili halijaisha, endelea kusoma. Kasoro ni kwamba `feof`, amri inayouliza kama faili limeisha, haitazami mbele. Hujibu kweli (`true`) baada ya jaribio la kusoma kugota mwisho. Kwa hiyo faili la mistari 3, ambalo mstari wake wa mwisho umefungwa kwa alama ya mstari mpya, laweza kukizungusha kitanzi mara 4, na katika mzunguko huo wa ziada `fgets`, amri inayosoma mstari mmoja mmoja, hurudisha `false` (si kweli), nayo programu huiandika kama mstari mtupu. Orodha ya malipo inayoingizwa kwenye hifadhidata kwa njia hii huambulia safu isiyo na jina wala kiasi.

Ni salama zaidi kuliacha jibu la usomaji wenyewe liamue:

```
$faili = fopen('malipo.txt', 'r');
if ($faili === false) {
    exit('Faili halikufunguka.');
}
while (($mstari = fgets($faili)) !== false) {
    echo $mstari;
}
if (!feof($faili)) {
    echo 'Usomaji umekatika njiani.';
}
fclose($faili);
```

Alama ya `!==` (si sawa kabisa, kwa thamani wala kwa aina) isifupishwe kamwe. PHP huihesabu tungo (mfuatano wa herufi) "0" kuwa si kweli. Basi mstari wa mwisho ukiwa na sifuri pekee, bila alama ya mstari mpya, kitanzi kisicho na ulinganisho huo kitauruka kimyakimya, na kosa la namna hii ni gumu mno kuligundua kwa sababu mistari mingine yote itakuwa sawasawa.

`feof` imewekwa baada ya kitanzi kwa makusudi, kwani `false` ya `fgets` yaweza kumaanisha mwisho au hitilafu. Ukaguzi wa `fopen`, amri ya kufungua faili, nao ni wa lazima: kabla ya PHP 8, kitanzi cha `feof` kilichopewa faili lisilofunguka kiliweza kuzunguka bila kikomo.

Tahadhari kwa anayesoma kwa vipande akitumia `fread`: amri hii ikifika mwisho hurudisha tungo tupu, wala si `false`, hivyo kitanzi cha hapo juu hakitakoma. Kwa `fread`, zunguka kwa `!feof($faili)`, ukivunja kitanzi mara kipande kinapokuwa `false`.