Kagua karibu na lebo kwanza: kununua santuri kuukuu za okestra na opera

Santuri ya okestra haichakai sawasawa kila mahali. Sahani huzunguka mara 33⅓ kwa dakika tangu mwanzo hadi mwisho, lakini duara la ukingoni ni kubwa na la karibu na lebo ni dogo. Ukingoni sindano hupitia kama sentimita 50 za mfereji, yaani mstari uliochongwa wenye sauti, kwa sekunde. Karibu na lebo hupitia kama 21 tu. Sauti ileile inabanwa ndani ya nafasi isiyofika hata nusu. Sasa kumbuka kwamba watunzi wengi wa simfoni na opera huweka kishindo chao mwishoni: kwaya, tarumbeta na ngoma kubwa vyote huangukia pale pale penye msongamano, na hapo ndipo sindano iliyochakaa hutafuna kuta za mfereji.

Boléro ya Ravel ndiyo kipimo kikali kuliko vyote. Huanza kwa ngoma ndogo na filimbi, hupanda polepole, na okestra nzima hulipuka ikiwa imebaki kidogo sana kufika lebo. Also sprach Zarathustra ya Richard Strauss ni kinyume chake. Mapambazuko yale maarufu yako ukingoni, penye nafasi tele, na mwisho wake ni kimya kabisa. Kwa hiyo Boléro isikilize mwishoni kama sauti inakwaruza. Strauss msikilize mwishoni kama kuna mchakacho wa vumbi na mikwaruzo, maana hakuna ala ya kuuficha.

Dukani, toa sahani kwa kuishika ukingo na lebo. Iinamishe chini ya taa moja yenye mwanga mkali, si taa ya tyubu, kwa sababu mwanga uliotawanyika huficha makosa. Weusi unaong'aa sawasawa ni dalili njema. Ukiona eneo la ndani limepauka na kuwa la kijivu, hasa pale penye sauti kubwa, hilo si vumbi. Ni mfereji ulioliwa, na hakuna dawa ya kuurudisha. Mikwaruzo ipime kwa ncha ya kucha, kwa wepesi sana. Usiouhisi huenda usisikike. Unaokwama utapiga "tak" kila sekunde 1.8, ambao ndio muda wa mzunguko mmoja. Tazama pia tundu la katikati: vijistari vingi juu ya lebo vinaonyesha sahani ilikuwa ikipapaswa juu ya mashine mara nyingi na mikono isiyo makini.

Kasha la opera lina mambo yake. Hesabu sahani kabla ya kulipa, na usome namba kwenye kila lebo, kwani si ajabu kukuta moja imeingizwa kutoka seti nyingine. Usishtuke ukikuta upande wa 1 na wa 6 viko kwenye sahani moja, 2 na 5 kwenye nyingine, 3 na 4 kwenye ya tatu. Zilipangwa hivyo kwa ajili ya mashine zilizodondosha sahani zenyewe, moja baada ya nyingine. Hakikisha libreto, yaani kijitabu cha maneno yanayoimbwa, imo, kwa sababu bila maneno na tafsiri yake opera ya Wagner inakuwa safari ndefu gizani. Na ukikuta karatasi ya sponji ndani ya kasha, itupe siku hiyohiyo. Sponji ikizeeka huoza, na huacha ukungu wa kudumu kwenye sahani inayoigusa.

Nini cha kutafuta? Ukianza na simfoni, tafuta ya 5 ya Beethoven ya kondakta Carlos Kleiber na okestra ya Vienna Philharmonic, iliyorekodiwa 1974 kwa kampuni ya Deutsche Grammophon. Simfoni hiyo, yenye dakika kama 33, ilipewa sahani nzima, hivyo mifereji haikubanwa. Linganisha na ya 9, inayozidi saa moja, ikishindiliwa kwenye sahani moja: fundi hulazimika kupunguza sauti na besi ili iweze kuenea. Kwa ujumla, upande unaozidi dakika 30 utilie shaka.

Kwa opera, Das Rheingold ya Wagner iliyotolewa na kampuni ya Decca ina haki ya kuwa ya kwanza. Georg Solti anaongoza, mtayarishaji ni John Culshaw, mahali ni ukumbi wa Sofiensaal mjini Vienna, mwaka 1958. Miungu inaposhuka Nibelheim, makao ya vibete wafua chuma chini ya ardhi, Wagner aliandika fuawe 18 zigongwe, na Culshaw alihakikisha zimepatikana. Kwenye nakala nzima utasikia fuawe ndogo na kubwa zikitengana. Kwenye iliyochakaa ni vurugu ya chuma. Nakala za mwanzo za Decca za stirio (sauti ya njia mbili, kushoto na kulia) zina mkanda mpana wa rangi ya fedha kwenye lebo, na bei yake hupaa. Zile za mkanda mwembamba, za kuanzia mwaka 1970 hivi, mara nyingi zilitoka kwenye mikato ileile, yaani sahani mama zilezile zilizochongwa mwanzo. Linganisha namba zilizochorwa karibu na lebo, zinazoanza na ZAL, uokoe fedha zako.

Tosca, opera ya Puccini, ya kondakta Victor de Sabata na waimbaji Maria Callas na Tito Gobbi, iliyorekodiwa La Scala mjini Milan mwaka 1953, ni ya mono, yaani sauti ya njia moja. Inunue hivyo hivyo. Jalada likitaja neno "electronically", ni mono iliyochezewa ili ifanane na stirio, na sauti ya Callas huishia kuelea hewani bila mahali pa kusimama. Ukiipiga, bonyeza swichi ya mono kwenye amplifaya. Kelele nyingi za mfereji hujifuta zenyewe.

Kuosha: mililita 750 za maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake (yale ya betri yasiyo na asidi), mililita 250 za alkoholi ya isopropili, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Sugua kwa brashi laini kufuata mzunguko, lebo ikiwa kavu, kisha suuza kwa maji hayohayo matupu. Maji ya kisima ya pwani yana chumvi, nayo hubaki mferejini. Sahani nzito za zamani za mizunguko 78 usiziguse na alkoholi, huyeyuka.

Zisimamishe wima, mbali na dirisha na ukuta unaovuja. Pwani, acha nafasi ya upana wa mkono nyuma ya rafu ili hewa ipite, la sivyo kuvu huanzia kwenye karatasi na kuhamia kwenye sahani. Mfuko wa karatasi ubadilishe kwa wa plastiki laini ya polithini, ila ule wa asili uache ndani ya kasha: mnunuzi mwingine atauulizia.