Kabla ya Kuingia Korongo la Jangwani, Piga Hesabu ya Maji

Wengi wakijiandaa kwenda kutembea, kupanda miamba na kulala kwenye korongo la jangwani huanza na viatu, kamba na hema. Mimi naanza na maji, na si kwa ajili ya kiu peke yake. Maji ndiyo yaliyochonga korongo lenyewe. Ukiyahitaji huyapati, na usipoyatarajia yanaweza kukujia kama ukuta.

Tuanze na ya kunywa. Weka lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, kuoga usikuhesabu. Watu wawili kwa siku tatu wanahitaji lita 24, yaani kilo 24 mgongoni kabla hujatia hata punje ya chakula kwenye begi. Hapo ndipo utaamua kama kambi itakaa karibu na gari au safari ifupishwe. Kijito kilichochorwa kwenye ramani usikitegemee, maana kinaweza kuwa mchanga mtupu kwa miezi. Gawanya maji kwenye vyombo kadhaa ili kimoja kikipasuka usibaki mikono mitupu, na acha akiba kwenye gari ya siku mtakayorudi mmechoka.

Hewa ni kavu mno, jasho hukauka kabla hujaliona, kwa hiyo ngozi kavu isikudanganye kwamba hutoki jasho. Jasho hilo linaondoka na chumvi. Ukinywa maji matupu kutwa bila kula, chumvi iliyobaki mwilini inazimuliwa. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, na mtu akidhani bado ana kiu anaendelea kunywa na kujiongezea madhara. Beba vitafunio vyenye chumvi au paketi za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), na ule hata kama hamu huna.

Korongo pia hugeuza mazoea ya mpanda mlima. Mlimani unapanda ukiwa na nguvu na kushuka umechoka. Huku unaanza kwa kushuka, na mteremko unakubembeleza. Tena joto huongezeka kadiri unavyoshuka, takriban nyuzi 3 kwa kila mita 300. Kwenye Grand Canyon, Marekani, askari wa hifadhi huwashauri wageni wakati wa kiangazi wasitembee kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na wahesabu kwamba kupanda kutachukua muda mara mbili ya kushuka. Nakubaliana nao kabisa. Usiku nao, jangwa hupoa upesi, hivyo jaketi na mfuko wa kulalia wa maana usiviache nyumbani.

Sasa mafuriko. Tarehe 12 Agosti 1997, watu 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, jimbo la Arizona, Marekani. Mvua iliyowaua ilinyesha mbali, upande wa juu, na pale walipokuwa haikuwapa dalili ya kutosha. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila msafiri alielewe kabla hajafunga begi: haitoshi kuangalia utabiri wa mahali unapokwenda. Tafuta kwenye ramani maji ya korongo lako yanatoka wapi, kisha soma utabiri wa eneo hilo lote. Ukiona uwezekano wa radi huko juu, usiingie kwenye mapito membamba, hata kama mbingu juu yako ni buluu tupu.

Ukifika, inua macho. Gogo lililonasa katikati ya kuta mbili, mita kadhaa juu ya kichwa chako, limeletwa na maji, na maji hayo yalifika pale. Kwa sababu hiyo hema halijengwi kwenye mkondo mkavu, ingawa mchanga wake ni laini na tambarare kuliko kwingine kote. Panda juu ya alama za mafuriko. Maji yakigeuka matope ghafla, au ukisikia mngurumo kutoka juu, acha mizigo ukimbilie mahali pa juu.

Wapanda miamba wana somo lao la maji. Makorongo mengi ya jangwani ni ya mwamba wa mchanga, ambao chembe zake zimegandishwa na vitu kama chokaa au udongo wa mfinyanzi. Ukilowa, gundi hiyo hulegea; vishikio hukatika, na vyuma vya kushikia kamba vinaweza kung'oka. Mwamba ukikauka kwa nje bado huwa na unyevu ndani. Chimba kidogo mchanga ulio chini ya ukuta: juu utakuwa mkavu wa kupeperuka, lakini vidole vikikuta ubaridi na mchanga unaoshikamana, usipande siku hiyo. Kwa kawaida husubiriwa siku moja hadi tatu. Panga siku ya ziada tangu nyumbani, ili haraka ya kurudi kazini isikulazimishe kupanda mwamba uliolowa. Kofia ngumu ni ya lazima, na michoro ya kale ukutani usiiguse.

Kambini hakuna choo. Sehemu nyingi hutaka ubebe kinyesi chako kwenye mifuko maalumu, kwa sababu udongo mkavu hauna viumbe vya kutosha vya kukiozesha. Ule ukoko mweusi wenye vinundu juu ya ardhi ni hai, na unyayo mmoja huharibu kazi ya miaka mingi. Pita kwenye mwamba au mchanga wa mkondo. Ulizia kibali na masharti ya moto mapema. Asubuhi kung'uta viatu, nge hupenda giza.

Simu mara nyingi haishiki mtandao. Mwaka 2003 Aron Ralston, mpanda milima wa Marekani, alinaswa mkono na jiwe kwenye Bluejohn Canyon, jimbo la Utah, na hakuwa amemwambia mtu yeyote anakwenda wapi. Baada ya siku tano alijikata mkono ili atoke. Mwandikie mtu unayemwamini jina la korongo, mahali utakapoegesha gari, siku na saa ya kurudi, na saa ambayo akiwa hajakusikia apige simu kwa waokoaji. Mwombe akujibu kwamba ameelewa, ndipo uwashe gari.