Ulinzi wa hatua mbili kwenye Gmail: andika nambari za akiba kwanza

Simu yangu ilizama Mokowe, nikipanda boti ya kurudi Amu na mizigo mikononi. Simu nilipata nyingine. Laini ndiyo iliyonitesa. Ilisajiliwa kwa kitambulisho cha ami yangu, naye alikuwa safarini baharini. Bila yeye nambari ya simu hairudishwi, na bila nambari hiyo Gmail haifunguki, maana nilikuwa nimewasha ulinzi wa hatua mbili: baada ya nenosiri, Google hutaka pia uthibitishe kwa simu. Siku tisa nzima! Nilipoingia nikakuta barua ya kuniita kwenye mahojiano ya kazi, na siku yenyewe imeshapita.

Kwa hivyo kabla ya kugusa akaunti, piga *106# (hapa Kenya) uone laini zilizo kwa kitambulisho chako. Kama unayoitumia haimo, shughulikia hilo kwanza.

Kisha ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya Usalama, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Hapo ni kufuata maelekezo tu. Wengi huishia hapo wakafunga, nami nilifanya hivyo hivyo. Usifunge. Shuka chini kwenye ukurasa huo huo utafute nambari za akiba. Utapewa 10, kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Hizi ndizo zinazokuingiza simu isipokuwepo. Ukiomba mpya, zile za zamani hufa zote.

Ziandike kwa kalamu, tena mbali na simu. Karatasi yangu nimeikunja ndani ya mfuko wa nailoni, maana unyevu wa huku hula karatasi, na mama ameiweka sandukuni pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Ijaribu siku hiyo hiyo: toka kwenye akaunti, ingia kwa nambari moja, uikate kwa mstari. Zitabaki tisa.

Ukiwa saiba, tumia dirisha la faragha, na usikubali kompyuta ikukumbuke. Ukisahau kutoka, fungua orodha ya vifaa vyako kwenye Usalama uiondoe mashine hiyo ukiwa nyumbani.

Sasa mpangilio wa barua. Gmail haina mafaili hasa, ina lebo, na barua moja yaweza kubeba lebo mbili. Mimi ninazo tatu: Kazi, Serikali, Shule. Barua za eCitizen (huduma za serikali mtandaoni) na KRA (mamlaka ya kodi) huenda Serikali zenyewe, kwa sababu nimeziwekea kichujio. Kichujio kitengeneze kwenye kompyuta: bonyeza alama iliyo pembeni mwa kisanduku cha kutafutia, andika anwani ya mtumaji, chagua lebo, halafu weka alama kwenye chaguo la kutopeleka barua hizo kwenye taka (spam). Hilo la mwisho usiliruke hata kidogo. Barua iliyoangukia kwenye taka hufutwa baada ya siku 30, na hairudi. Mimi huipitia taka kila Ijumaa nikitoka msikitini.