Kuchagua Darubini ya Kwanza kwa Mtazama Nyota Anayeishi Karibu na Ikweta

Darubini yangu ya kwanza ilikuja ndani ya boksi lenye picha ya Zohali na pete zake, na juu ya picha hiyo iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba chombo hicho hukuza mara 675. Usiku wa kwanza niliipandisha juu ya paa na kuielekeza kwenye Mshtarii. Kila nilipogusa kitasa cha fokasi, sayari iliruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na kuchukua sekunde nne au tano kutulia, na ilipotulia ilikuwa doa la mwanga lenye ukungu. Anga lilikuwa safi na macho yangu yalikuwa mazima. Nilikuwa nimenunua namba, na kwa kuwa namba hiyo bado inawauzia watu wengi darubini zisizofaa, naanza nayo.

Kipimo cha kwanza cha kuulizia ni kipenyo, yaani upana wa lenzi au kioo kinachokusanya mwanga. Mwanga huongezeka kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo darubini ya milimita 150 hukusanya mara nne ya ile ya milimita 75, ingawa ukiziweka mezani moja inaonekana pana mara mbili tu. Ukuzaji ni kazi ya lenzi ya jicho, ambayo hubadilishwa wakati wowote: umbali wa fokasi wa darubini, yaani umbali kutoka lenzi au kioo hadi pale picha inapoundwa, hugawanywa kwa ule wa lenzi ya jicho. Darubini yenye fokasi ya milimita 1200 ikiwekewa lenzi ya milimita 25 hukuza mara 48, na ikiwekewa ya milimita 10 hukuza mara 120. Kikomo chenye manufaa ni takriban mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo, hivyo darubini ya milimita 60 hufika mwisho wake kwenye mara 120, hata boksi likisema vingine. Ukivuka hapo, unachokuza ni ukungu uleule.

Mambo mengi mazuri ya angani hayahitaji ukuzaji mkubwa. Pete za Zohali huanza kuonekana kwenye mara 30 hivi, na miezi minne ya Mshtarii, ambayo Galileo aliiona mwezi wa Januari 1610, huonekana hata kwa darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za milimita 50, iliyoegemezwa ukutani. Kilimia, ambacho wakulima wetu walikitumia kujua majira, kina upana wa karibu nyuzi 2, sawa na Miezi mpevu minne iliyopangwa safu. Ukikikuza mara 90 utaona nyota chache zilizotawanyika na kulikosa kabisa umbo ulilolizoea. Kwa sababu hiyo, mwenye fedha kidogo namshauri anunue darubini nzuri ya macho mawili na kuiacha ile ndogo ya dukani yenye stendi ya bati.

Anayetaka hasa kutazama, na ana fedha za kutosha, achukue darubini ya kioo ya milimita 130 hadi 200 kwenye stendi ya Dobson. Stendi hii ilienezwa na John Dobson wa San Francisco, ambaye mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kikundi kilichowaonyesha wapita njia nyota barabarani, na kwa umbo ni sanduku la mbao linalozunguka juu ya ubao. Haina gia wala mota, kwa hiyo karibu fedha yote inakwenda kwenye kioo, na ukiigusa haitetemeki. Fundi seremala hodari anaweza kukutengenezea stendi ya namna hiyo kwa plaiwudi, jambo la maana sana pale gharama ya kusafirisha mzigo kutoka nje inapokaribia bei ya darubini yenyewe. Fikiria pia utaibebaje: ile ya milimita 200 ina bomba la urefu wa mita 1.2 hivi na haipandi bodaboda, ilhali ya milimita 130 ya kuwekwa mezani unaibeba kwa mkono mmoja hadi uani. Darubini utakayoitoa nje kila wiki ina faida kuliko kubwa inayolala chumbani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani haina sababu ya kulitaja. Darubini nyingi za bei ya kati huuzwa na stendi ya ikweta, ambayo mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga, yaani pale nyota zote zinapoonekana kupazunguka, ili kuzifuata zinavyosogea, na wauzaji huisifu kuwa ndiyo inayofaa kwa picha. Kwa mtu wa Dar es Salaam ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 7 hivi tu juu ya upeo, kwa mtu wa Mombasa nyuzi 4, na kwa mtu wa Nairobi nyuzi 1 na kidogo. Mhimili unakuwa karibu umelala, chuma cha uzani wa kusawazisha kinagonga miguu ya stendi, na stendi nyingi ndogo hata haziwezi kuinamishwa kiasi hicho kwa sababu zilitengenezwa kwa watu wa latitudo za kati. Nyota ya Kutubu, ambayo wenzetu wa kaskazini huitumia kulenga, sisi hatuioni, na nyota iliyo karibu na ncha ya kusini ni hafifu mno kuonekana katikati ya vumbi na taa za upeoni. Kabla ya kulipa, omba picha ya kipimo cha latitudo kilicho ubavuni mwa stendi. Kikianzia nyuzi 20, iache.

Kuhusu picha, lazima niseme wazi kwamba darubini nzuri ya kutazamia na darubini nzuri ya kupigia picha mara nyingi si chombo kimoja. Kwenye Dobson utapiga Mwezi vizuri kabisa kwa simu iliyofungwa kwenye kishikizo mbele ya lenzi ya jicho, na sayari utazirekodi kwa video fupi, kisha programu ya bure kama AutoStakkert itachagua fremu zilizo kali na kuzipanga moja juu ya nyingine. Nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, na galaksi ni habari nyingine, kwa sababu zinahitaji dakika nyingi za mwanga huku anga likisogea nyuzi 15 kila saa. Kamera kubwa, isitoshe, huenda isipate fokasi kwenye darubini ya kioo iliyotengenezwa kwa jicho, maana picha huundwa ndani mno ya bomba. Muulize muuzaji jambo hili mapema.

Njia mbili zimenipendeza zaidi kwa mazingira yetu. Ya kwanza ni kamera ya kawaida kwenye tripodi bila darubini yoyote: kwa lenzi ya milimita 24 unaweza kufungua kwa sekunde 20 hivi kabla nyota hazijawa mistari, na kati ya Juni na Agosti kitovu cha Njia Nyeupe hupita juu sana, karibu na kundinyota la Nge, wakati sehemu nyingi za kwetu ni kavu. Ya pili ni darubini ndogo za kisasa zinazojilenga zenyewe, kama Seestar S50 yenye kipenyo cha milimita 50, ambazo hupiga picha fupi nyingi na kuziunganisha kwenye simu. Huwezi kuchungulia ndani yake kwa jicho, lakini nebula ya Carina, isiyochomoza kamwe katika anga la Ulaya, utaipata ukiwa uani.

Wa pwani wana adui wa ziada, nao ni unyevu wenye chumvi. Kuvu huota kwenye lenzi kama utando wa buibui na kuiharibu, kwa hiyo hifadhi darubini ndani ya boksi lenye vifuko vya silika, na usifunike kabla umande haujakauka.

Jua lisitazamwe kamwe kwa darubini isiyo na kichujio madhubuti kinachofunika mdomo wote wa mbele. Vile vichujio vidogo vya kukazwa kwenye lenzi ya jicho vitupwe, kwani hupata joto na kupasuka jicho likiwa pale pale. Nalisema mapema kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kikamilifu Misri, Saudi Arabia, Yemen na pembe ya Somalia, na wengi watatoa darubini zao nje siku hiyo.

Darubini ikishafika, subiri Mwezi wa siku ya saba hivi, ambapo vivuli virefu huchora kila kovu la uso wake; Mwezi mpevu hung'aa bila kuonyesha kina. Itoe nje nusu saa kabla ili kioo kipoe, weka lenzi ya milimita 25, lenga mpaka wa mwanga na giza, na hapo ndipo ubadilishe kuweka ya milimita 10.