Askari wa Lincoln aliyegeuka mlowezi wa mbugani: jinsi ya kuichimbua historia yake, kutoka jiwe la kaburi hadi jalada la shamba

Askari wa kawaida wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) hakuandika kumbukumbu za maisha yake. Lakini kama baada ya vita alihamia mbuga (nyika za nyasi) za Kansas, Nebraska au Dakota, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliiomba serikali vitu viwili: shamba na pensheni. Kila ombi lilitaka kiapo, mashahidi na maswali yasiyo na haya, na majibu yake bado yamehifadhiwa.

Kwa hiyo usianze kwa kusaka jina. Akina John Smith walikuwa wengi jeshini, na karani aliandika jina la Mjerumani au Mswidi kama sikio lake lilivyomruhusu. Tafuta vitambulisho viwili vinavyomtenga na wenye jina kama lake: kombania na rejimenti yake (kikosi kidogo na kikosi kikubwa kilichokibeba), kisha kipande chake cha ardhi. Hayo unaweza kuyafanya mtandaoni ukiwa popote. Gharama inakuja unapoagiza nakala.

Hatua ya 1: Pata kombania na rejimenti

Anza na picha ya kaburi. Jiwe ambalo serikali iliwapa askari wa Kaskazini (upande wa Rais Lincoln) ni marumaru nyeupe iliyosimama wima. Usoni lina ngao iliyochimbwa ndani kidogo, na maandishi yamechomoza ndani ya ngao hiyo. Chukua mfano wa CO. G 14 ILL. INF. Maana yake ni Kombania G, rejimenti ya 14 ya askari wa miguu ya Illinois. CAV ni wapanda farasi, ART ni mizinga, na U.S.C.T. ni rejimenti za askari Weusi. Mara nyingi mawe haya hayana tarehe ya kuzaliwa wala ya kufa, kwa hiyo usidhani yamefutika. Kinachofutika ni mkia wa G, ikasomeka C, na kichwa cha 4, ikasomeka 1. Omba picha iliyopigwa asubuhi au jioni, jua likiwa linamulika kwa ubavu.

Kama hakuna jiwe, kuna njia tatu:

- Sensa ya 1910 ina safu ya wakongwe wa vita. UA ni jeshi la Kaskazini, CA ni la Kusini.
- Orodha maalumu ya wakongwe ya 1890 inataja kombania, rejimenti, tarehe za kuingia na kutoka jeshini, na majeraha. Zilizosalia karibu zote ni za majimbo kuanzia Louisiana hadi Wyoming kwa alfabeti, pamoja na karibu nusu ya Kentucky. Nebraska na Dakota zimo. Ya Kansas karibu yote haimo, usipoteze siku nzima kuitafuta.
- Kwa Kansas, tumia sensa ya jimbo ya 1885. Iliuliza habari za utumishi jeshini.

Ukishapata jibu, lilinganishe na kanzidata ya askari na mabaharia ya Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani. Ni bure. Ina majina zaidi ya milioni 6, ila mtu mmoja anaweza kutokea mara tatu kwa tahajia tatu. Rejimenti nyingi za kujitolea ziliundwa kijimbo, na kombania mara nyingi ilikusanya vijana wa kaunti moja au mbili jirani. Ukiijua kombania, unajua pia pa kumtafutia katika sensa ya 1860.

Hatua ya 2: Jalada la pensheni

Tafuta kwanza kadi yake ya faharasa ya pensheni. Kadi ni ndogo lakini ina mengi: jina la askari, jina la mjane kama aliomba, kikosi, tarehe ya ombi, namba ya ombi, namba ya cheti, na jimbo alikoombea. Rejimenti ikiwa ya Illinois na jimbo la ombi likiwa Nebraska, umeshauona uhamiaji wake kwenye kadi moja. Nakili namba zote, za mume na za mjane, kwa sababu kwa kawaida majalada yao yameunganishwa chini ya namba ya mwisho iliyotolewa.

Ndipo uagize jalada zima kutoka Nyaraka za Taifa (NARA). Fomu inakupa nafasi ya kuagiza kurasa chache zilizochaguliwa. Usifanye hivyo. Anayechagua kurasa hajui unatafuta nini, na dhahabu imo kwenye viapo vya majirani.

Ndani yake, nenda moja kwa moja kwenye karatasi ya maswali ya 1898. Ofisi ya pensheni iliwauliza wakongwe: umeoa nani, jina lake kabla ya kuolewa lilikuwa nani, mlioana lini na wapi, nani aliwafungisha ndoa, uliwahi kuoa kabla, na watoto walio hai ni akina nani na walizaliwa lini. Kwa mtafiti wa ukoo, ukurasa huo mmoja unashinda miezi ya kupekua sensa. Jalada la mjane linaweza kuzidi hata hapo, kwani ilimbidi athibitishe kwamba ndoa yake ni halali, na kama kulikuwa na mke wa kwanza, aonyeshe alikufa au alipewa talaka.

Usikate tamaa ukikuta hakuna ombi la miaka ya 1860. Sheria ya kwanza ililipa ulemavu au kifo kilichotokana na vita. Sheria ya 27 Juni 1890 ndiyo iliyofungua mlango kwa aliyetumikia siku 90 na sasa hawezi kazi za mikono, hata kama ugonjwa haukuanzia vitani. Askari wa Kusini kwa kawaida hawapo kwenye mafaili haya. Pensheni zao zililipwa na majimbo ya Kusini yenyewe.

Hatua ya 3: Soma anwani ya shamba

Hatimiliki za mashamba ya serikali zinapatikana bure kwenye tovuti ya kumbukumbu za ardhi ya BLM, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma. Tafuta kwa jimbo na jina la ukoo, halafu punguza kwa kaunti.

Utakutana na maandishi yanayowatisha wengi. Tuchukue ya mlowezi Daniel Freeman, aliyeandikisha dai lake 1 Januari 1863 karibu na Beatrice, Nebraska, siku ile ile ilipoanza kutumika Sheria ya Mashamba (Homestead Act), iliyompa mlowezi hadi ekari 160 za serikali akikaa na kulima miaka mitano:

S½ NW¼, NE¼ NW¼, SW¼ NE¼, Seksheni 26, T4N, R5E, Meridiani Kuu ya 6.

N ni kaskazini, S kusini, E mashariki, W magharibi. Soma kuanzia mwisho. Meridiani ni mstari wa wapimaji unaotoka kaskazini kwenda kusini, na mstari wa msingi huukata kutoka mashariki kwenda magharibi. Kwa Meridiani ya 6, mstari wa msingi ni mpaka wa Kansas na Nebraska. T4N ni safu ya nne kwenda kaskazini kutoka mpaka huo, na R5E ni safu ya tano kwenda mashariki ya meridiani. Zinapokutana pana mraba wa maili 6 kwa 6, wenye seksheni 36 za maili moja mraba, yaani ekari 640 kila moja. Namba 1 iko pembe ya kaskazini mashariki. Hesabu kwenda magharibi hadi 6, shuka, geuka mashariki hadi 12, shuka tena, kama maksai wanaolima huku na huku. Seksheni ya 26 inaangukia mstari wa tano, ya pili kutoka mashariki.

Sasa vipande vyenyewe. Nusu ya kusini ya robo ya kaskazini magharibi ni ekari 80. Viwili vilivyobaki ni ekari 40 kila kimoja. Jumla 160, kipimo kamili cha sheria. Ona kwamba hakuchukua mraba safi. Kijito cha Cub Creek kinapita humo, na mwenye akili mbugani alifuata maji na miti kabla ya unyoofu wa mipaka.

Namba ya seksheni peke yake inaweza kukuonya. Huko Kansas na Nebraska, 16 na 36 zilitengewa shule. Namba witiri karibu na reli mara nyingi zilikuwa za kampuni ya reli. Ukoo ukisema babu "alipewa" shamba kwenye seksheni ya 17 kando ya reli, huenda alilinunua, na karatasi zake ziko kwa msajili wa hati wa kaunti.

Angalia pia sheria iliyotajwa kwenye hatimiliki. Ikiwa 20 Mei 1862, ni shamba la kukaa na kulima. Ikiwa 24 Aprili 1820, ni mauzo ya taslimu. Lakini aliyechoka kusubiri aliweza kulipia dai lake, kwa kawaida dola 1.25 kwa ekari, na hatimiliki ikatoka kama ya mauzo. Dai la awali basi limo ndani ya jalada la mauzo.

Hatua ya 4: Jalada la shamba

Hatimiliki ni ukurasa mmoja tu, na tarehe yake hudanganya. Freeman aliandikisha 1863, akatoa uthibitisho Januari 1868, hatimiliki ikatoka Septemba 1869. Ukichukua 1869 kuwa mwaka wa kuhamia, umekosea kwa zaidi ya miaka sita.

Agiza jalada lenyewe kutoka NARA kwa kutaja jimbo, ofisi ya ardhi, aina ya dai, namba ya cheti cha mwisho na anwani ya kipande. Majalada ya Nebraska yamepigwa picha, kwa hiyo tazama mtandaoni kwanza kabla ya kulipa.

Ndani utapata ushahidi wa mwisho, yaani kiapo cha kuthibitisha kwamba alikaa na kulima. Wa Freeman unataja nyumba ya futi 14 kwa 20, nusu magogo nusu mbao, milango miwili, madirisha mawili, ekari kama 35 zilizolimwa na kuzungushiwa uzio, banda la kondoo la futi 100, miti 40 ya tufaha na kama 400 ya pichi. Majalada ya miaka ya baadaye yanauliza zaidi: mke, idadi ya watoto, na kila mara mtu alipoondoka shambani na sababu yake.

Hapa ndipo ukongwe wa vita unapojitokeza. Kuanzia 1872, askari wa Kaskazini aliruhusiwa kupunguza muda wake wa jeshini kutoka ile miaka mitano ya kukaa shambani, mradi akae angalau mwaka mmoja. Aliyetumikia miaka mitatu aliweza kumaliza kwa miwili. Ili apate punguzo hilo aliwasilisha uthibitisho wa utumishi wake, mara nyingi nakala ya hati ya kuachishwa jeshi, na hiyo ndiyo karatasi inayofunga mjadala: mwenye shamba hili ndiye askari wa kombania ile. Kama alizaliwa ng'ambo, tafuta pia nakala ya uraia.

Hatua ya 5: Kama hakuna hatimiliki

Nzige, ukame na deni viliwaondoa wengi kabla ya kumaliza, na wengine waliuza haki ya dai lao kimyakimya. Hao hawaonekani BLM. Fungua vitabu vya vipande vya ardhi kwenye FamilySearch, tovuti ya utafiti wa ukoo, ambavyo huonyesha pia madai yaliyofutwa. Vimepangwa kwa eneo, si kwa jina. Ili ulipate eneo, chukua majirani zake kwenye sensa ya 1880, tafuta hatimiliki zao, kisha pekua vipande vinavyowazunguka.

Hatua ya 6: Yagonganishe majalada mawili

Panga tarehe zote kwenye jedwali moja lenye safu tatu: tarehe, mahali, nani aliyeapa. Yasipolingana, jiulize aliyeapa alitaka nini siku hiyo. Mbele ya ofisi ya ardhi alikuwa mkulima imara asiyetoka shambani. Mbele ya daktari wa pensheni alikuwa mgonjwa wa mgongo asiyeweza kushika plau. Mara nyingi yote mawili ni kweli nusunusu. Umri nao ulipanda na kushuka: kijana wa miaka 16 alijiongezea ili aandikishwe jeshini.

Mwisho, chukua majina ya mashahidi wa shamba. Baada ya 1879 yalitangazwa gazetini, kwa kawaida wanne, na wawili kati yao wakatoa ushahidi. Yaingize kwenye kanzidata ya Hatua ya 1, ukianza na rejimenti ya babu yako. Wakongwe wa kombania moja mara nyingi walihamia pamoja, na jirani aliyeapa habari za ekari zake za mahindi anaweza kuwa ndiye aliyeapa kwenye pensheni kwamba alimwona akijeruhiwa.