Kinga ya masikio kwa fundi wa nyundo na grainda: vile utachagua yenye hutaivua

Kama kazi yako iko Kamukunji, pale watu wanapasua madramu na kukunja masanduku ya shule na majiko na karai, ama uko kwa karakana yoyote ya weldingi hapa Nairobi, masikio yako yanaumia kila siku na hakuna damu itatoka ikuonyeshe. Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo sana ambavyo ndo vinashika sauti na kuipeleka kwa ubongo, na vikishakufa havimei tena, si kwa dawa si kwa operesheni. Zenye huanza kupotea ni zile sauti nyembamba za juu. Mtu anasikia kabisa kwamba unaongea lakini s, f, sh na th zinampita, mteja anaitisha masanduku kwa simu na fundi hajui kama ameambiwa sita ama tisa, anaona aibu kuuliza mara ya tatu, alafu watu wanaanza kusema huyu jamaa siku hizi ana maringo, na kumbe mtu hasikii tu. Hiyo inaniuma manake kinga yenyewe si ghali, shida ni watu wengi wananunua yenye haiendani na kazi yao, wanaivaa siku mbili, inawasumbua, wanaitupa kwa droo.

Kwanza jua kelele yako iko wapi. Simama na mwenzako umbali wa mkono ukiunyoosha, kama ni lazima upaze sauti ndo akuelewe, hapo tayari uko kwa desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 hivi ama zaidi. NIOSH, ile taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inasema 85 unaweza kukaa nayo masaa 8 kwa siku, na kila ikipanda 3 masaa yanakatwa nusu, yaani 88 ni masaa 4, 91 mawili, 94 saa moja, na ukifika 100 una dakika 15 peke yake. Grainda ikikata chuma inafika 100 bila kutoa jasho. Sheria zetu za kelele kazini za 2005 zinakataza ufanye zaidi ya masaa 8 kwa desibeli 90, na zinakataza mlipuko wa sauti kupita 140 hata mara moja, na kelele ikizidi 85 mwajiri anafaa kuwa na mpango wa kulinda masikio ya wafanyikazi. Kama umeandikwa, muulize bosi mpango wake ni gani. Kama umejiajiri basi hiyo kazi ni yako. Na usiamini sana ile app ya kupima kelele kwa simu ukiwa karibu na watu wa nyundo, nyundo kwa bati inapiga ghafla na kuisha haraka kuliko maiki ya simu inaweza kushika vizuri, utaona namba ndogo na sikio limepigwa kabisa.

Sasa kuchagua. Kuna plagi za sponji zenye unasokota na kuingiza, kuna plagi za mpira zenye pete pete na kimshikio cha nyuma, na kuna vifuniko vikubwa vya kufunika sikio lote vyenye mkanda juu ya kichwa. Watu wengi wanakimbilia sponji kwa sababu ni bei rahisi na namba yake kwa paketi ni kubwa. Lakini angalia mikono ya mtu anafanya kazi na bati: mafuta, masizi ya dramu, vumbi ya chuma imeingia hadi kwa kucha. Sponji lazima uishike na vidole ukisokota, kwa hivo hiyo uchafu yote unaisukuma ndani ya sikio, na vipande vya chuma humo ndani ni shida ingine mpya. Kama una mtungi wa maji na sabuni karibu na utaosha mikono kila ukiziweka, sawa, sponji ni nzuri sana. Kama unajua hutaosha, chukua za mpira za kimshikio zenye unaingiza bila kugusa kile kipande cha ndani, jioni unaziosha na maji na sabuni, ama chukua vifuniko.

Vifuniko vina uzuri wake, unavaa na kuvua haraka, bosi anaona kwa mbali kama umevaa, na fundi mwanafunzi hawezi kukosea sana kuvivaa. Ubaya ni joto. Chini ya mabati saa nane mchana sikio linatoa jasho. Na vinataka kushikana na ngozi pande zote, ukivaa juu ya kofia ya marvin, ama juu ya rasta, ama mkono mnene wa miwani ya grainda ukipita katikati, hapo kuna nafasi na kelele inaingia hapo hapo. Mtu wa kuweldi pia helmeti yake itagongana na ule mkanda wa juu, kwa hivyo tafuta vya mkanda wa nyuma ya shingo ama rudi kwa plagi.

Ile namba ya paketi, yaani desibeli ngapi kinga inapunguza, NRR kama ni ya Marekani ama SNR kama ni ya Ulaya, ilipatikana kwa maabara na watu wenye wamevalishwa vizuri. Hesabu ya kazini ni hii: chukua NRR, toa 7, gawa kwa mbili. Plagi ya NRR 29 inakuwa 11, kwa hivo kelele ya 100 inakufikia kama 89 hivi. Si eti kila mtu atapata hivyo, mwenye ameziweka vizuri anapata zaidi, lakini panga na hiyo ndogo. Na usilinganishe NRR ya hii na SNR ya ile, SNR huwa juu hata kwa kifaa kile kile. Kama paketi haina namba kabisa, wala alama ya EN 352, ile ya viwango vya Ulaya vya kinga ya masikio, achana nayo hata kama muuzaji ameapa.

Na pia usitafute kunyamazisha dunia yote. Sauti ikikufikia kwa 75 hadi 80 hapo ni pazuri, ukizidisha hadi husikii mkokoteni ikikuja nyuma yako ama mteja akikuita, utaivua, na kuvua ndo kunamaliza kila kitu. Sikia hii hesabu: una kinga ya kupunguza desibeli 30, siku ni ya masaa 8, ukiivua nusu saa tu kwa ile kelele, faida yote ya siku inashuka hadi 12. Ukiivua nusu ya siku inabaki 3. Ndo maana mimi nitakwambia chukua ile ya namba ya kawaida yenye utakaa nayo kuanzia asubuhi hadi ukifunga, kuliko ile kali yenye utaishika mkononi.

Kuweka sponji kwenyewe watu hawafundishwi. Isokote ikuwe nyembamba kama sigara, bila mikunjo. Mkono wa upande wa pili upitishe juu ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, livute juu na nyuma kidogo, hiyo inanyoosha njia ya ndani. Ingiza, alafu ishikilie na kidole hadi ifure, hesabu polepole hadi 30. Sasa funika masikio na viganja huku mwenzako anagonga bati, ukisikia tofauti kubwa ukifunika na ukifungua, haijaingia vizuri, toa urudie. Ikiwa imejitokeza nje hadi mtu wa mbele yako anaiona, pia haijaingia.

Pamba haisaidii, iache. Na earphone za muziki si kinga, utaongeza sauti ndo ishinde grainda na hapo unajipiga mara mbili.

Kuna wale wenye wanauliza kuhusu bunduki, walinzi na wenye laiseni wanaoenda kulenga shabaha. Uwindaji wa mchezo Kenya ulipigwa marufuku 1977 kwa hivo hapa ni shabaha tu, lakini mlio mmoja wa bunduki unapita 140, na ya marisau wenzetu wa ng'ambo wanawindia bata inapita 150. Hapo vaa plagi ndani na vifuniko juu. Zote mbili hazijumlishwi, unapata kama desibeli 5 juu ya ile yenye nguvu, lakini hizo 5 unazihitaji. Vile vifuniko vya elektroniki vyenye vinakuacha usikie mtu akiongea na kufunga mlio mkubwa vinafaa sana huko, ukitoa maagizo yasikike. Kwa grainda ya siku nzima sioni haja ulipe hiyo pesa.

Kabla ya kununua chochote, punguza kelele yenyewe. Weka kipande cha tairi kuukuu ama magunia chini ya bati ukiligonga, ule mlio wa bati unapungua sana. Na kumbuka yule kijana anakushikia bati, sikio lake liko karibu na nyundo kuliko lako, na mama wa chai hapo kando pia anaisikia yote. Mnunulie kijana zake, msishiriki plagi.

Sikio likiwa linatoa usaha, usiingize plagi, tumia vifuniko na uende ukaonwe, na usichokore na njiti ya kiberiti. Ukitoka kazi na masikio yanalia nziii ama kila kitu kinasikika mbali, hiyo ni dalili kinga haikutosha siku hiyo hata kama asubuhi inakuwa imeisha. Ikikaa, ama sikio moja likizimika ghafla, nenda hiyo siku, usingoje wikendi, hospitali ya Kenyatta wako na kliniki ya masikio na wanapima usikivu, na uwaambie mara moja kwamba unafanya kazi ya kelele na ni miaka mingapi.