Kabla bango la mgahawa halijapanda barabarani

Mwenye mgahawa akishaamua kuweka bango, mara nyingi hukimbilia kumpigia mbunifu na kumtumia menyu nzima, nembo, namba tatu za simu na picha kumi. Mimi ningeanza na gari. Pita kwenye barabara hiyo hiyo, kwa uelekeo ule ambao bango litatazamwa, kwa mwendo wa kawaida wa magari ya hapo, halafu uhesabu sekunde tangu nguzo ionekane wazi hadi uipite. Pita mara mbili: mchana, kisha saa zile wateja wako wanapotoka kwenda kula.

Hesabu yenyewe ni fupi. Gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 hivi kila sekunde. Bango linaloanza kusomeka ukiwa umbali wa mita 110 linampa dereva sekunde tano, na ndani ya hizo tano macho yake yana gari la mbele, kioo cha pembeni na mtu anayetaka kuvuka. Wewe unabakiwa na mtupio mmoja wa jicho, labda miwili. Ndiyo maana watu wa matangazo ya nje hupenda kusema maneno yasizidi saba. Bango lililo kwenye taa za barabarani au penye foleni ya kila siku linaweza kubeba zaidi, kwa kuwa msomaji wake amekwama na hana la kufanya. Penye mwendo, neno la nane unalisoma wewe uliyelilipia.

Ila hiyo saba tumeiazima kutoka lugha yenye maneno mafupi. Kwetu "tunakukaribisha" ni neno moja lenye herufi kumi na tano. Hesabu herufi, si maneno, na "karibu" itakutosha.

Ukiwa bado pale, tazama jua. Dereva anayeelekea magharibi jioni anamulikwa usoni, na bango linalomtazama limo kivulini, jua likiwa nyuma yake. Kwa mgahawa unaotegemea chakula cha jioni, eneo la namna hiyo ni hasara hata likikodishwa kwa nusu bei, labda liwe na taa zinazowashwa mapema. Tazama na miti: tawi dogo leo linaweza kufunika nusu ya jina kabla mkataba haujaisha.

Sasa jiulize unataka dereva afanye nini akishalipita. Majibu ni mawili tu, na hayakai vizuri kwenye bango moja. Ama akate kona sasa hivi aje kula, ama alikumbuke jina siku nyingine akiwa na njaa. Mgahawa ulio hatua chache mbele unataka jibu la kwanza. Ulio upande wa pili wa mji hauna budi kuridhika na la pili. Mwaka 2018 migahawa ya McDonald's nchini Kanada iliweka mabango yaliyoonyesha kipande tu cha tao la herufi M iliyo nembo yao, kilichokatwa kikafanana na alama ya njia, pamoja na maneno machache ya kuelekeza: kushoto kwako, njia ya kutokea inayofuata, umetupita hivi punde. Chakula hakikuonyeshwa kabisa. Mgahawa mdogo hauwezi kuikata nembo yake hivyo na bado ukatambulika, lakini jambo la kujifunza liko wazi: maelekezo yenyewe yalikuwa ndiyo tangazo.

Kama bango lako ni la kuelekeza, pima umbali wa hapo hadi kona. Kwa mwendo ule wa kilomita 80, mita 300 huisha ndani ya sekunde 13 au 14, na humo dereva lazima asome, aamue, awashe indiketa, ahame mstari na kupunguza mwendo. Bango linalosimama penye kona yenyewe humpa majuto tu. Halafu, watu wachache sana wanajua mita 800 ni wapi. "Baada ya daraja, kushoto" hushika haraka kuliko namba, mradi alama uliyoitaja haitabomolewa wala kupakwa rangi nyingine.

Baada ya hapo ndipo utafute ahadi moja ya kumfanya ageuze usukani. Wall Drug, duka la dawa katika mji mdogo wa Dakota Kusini, Marekani, lilianza kuvuta wasafiri miaka ya 1930 kwa vibao vya barabarani vilivyoahidi maji ya barafu bure. Hawakuorodhesha bidhaa. Walimfikiria msafiri aliyechoka na joto, wakamwambia kitu kimoja alichokuwa akikitaka dakika ile. Msafiri wako anataka nini dakika ile? Huenda ni kuegesha bila shida, au kukuta jiko liko wazi usiku wa manane, au kula haraka na kuondoka. Menyu ataisoma mezani.

Picha nayo iwe moja. Sahani sita zilizopangwa vizuri kwenye skrini ya kompyuta, ukiwa mita mia moja, hugeuka viraka vya rangi ya kahawia. Sahani moja iliyopigwa kwa karibu, hata kingo zake zikikatwa, inatambulika. Na iwe sahani inayotoka kweli jikoni mwako, maana mteja aliyevutwa na picha atakuja na kipimo chake kichwani.

Kwenye herufi, watengeneza mabango wana kipimo cha kukadiria: kila sentimita 2.5 za kimo cha herufi hukupa mita tatu hivi za kusoma kwa raha. Ukitaka jina lisomeke vizuri mita 100 mbali, herufi zikaribie sentimita 80. Bango la mita 6 kwa 3, ambalo ni kipimo cha kawaida Uingereza, litakuruhusu herufi kumi hivi kwenye mstari, na mistari miwili yenye nafasi ya kupumua. Ubishi wote kuhusu kuongeza kauli mbiu unaishia hapo. Epuka maandishi yanayoiga mwandiko wa mkono na herufi nyembamba. Kuandika kila kitu kwa herufi kubwa si lazima pia: Jock Kinneir na Margaret Calvert walipobuni vibao vya barabara kuu za Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, waliyaanza majina kwa herufi kubwa na kuendelea kwa ndogo, ili kila neno liwe na umbo lake.

Katika rangi, kinachofanya kazi ni tofauti ya mwanga na giza. Nyekundu juu ya kijani inaweza kupendeza karibu, lakini takriban mwanamume mmoja kati ya kumi na wawili huona rangi kwa upungufu, na wengi wao shida yao ni hizo mbili. Nyekundu ina tatizo jingine: mwanga ukififia, macho huiona ikiwa nyeusi zaidi mapema kuliko buluu. Bango la nyekundu juu ya rangi nzito huzimika giza likianza kuingia, saa ile ile watu wanapowaza chakula. Mwambie mbunifu pia afanye kazi katika rangi za wino tangu mwanzo, kwa kuwa machungwa na kijani kikali vya skrini hupooza vikichapishwa, na aombe vipimo kutoka kwa mchapishaji kabla hajachora mstari wowote.

Kisha jaribio lisilogharimu kitu. Bango la mita 12, ukiwa mita 100, huonekana na upana sawa na kadi ya biashara iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Chapisha mchoro wako kwa sentimita 8.5, mwonyeshe mtu asiyeujua mgahawa, hesabu tatu, ficha. Muulize ameona nini. Akitaja picha bila jina, rudini mezani.

Kibali kitafutwe kabla ya kulipa amana. Kuna maeneo mabango hayaruhusiwi kabisa: jiji la São Paulo, Brazili, liliyapiga marufuku kwa sheria ya 2006, na jimbo la Vermont, Marekani, halina hata moja. Kwingine kuna masharti ya umbali kutoka makutano. Kwenye mkataba, iandikwe nani anabadilisha turubai likichanika, nani anawasha taa na baada ya siku ngapi.

Mwisho ni mambo ya nyumbani. Kibao cha mlangoni kifanane na bango kwa rangi na jina, la sivyo mtu aliyekata kona atapita akidhani amekosea. Wahudumu waione picha ya bango na wajue kilichoahidiwa. Na wiki nne kabla halijapanda, anzeni kuandika idadi ya wateja wa kila siku, na kumuuliza kila mgeni, "Umetujuaje?" Likishapanda, siku za kulinganisha nazo zitakuwa zimeshapita.